Kabla Hujalipa Ada, Jiulize Unataka Mtoto Awe Nani

Wadogo zangu, matokeo ya darasa la saba yakishatoka tu, simu yangu haipumziki. "Dada, nimpeleke kwa masista au wapi?" "Dada, mtihani wa seminari ya jimbo letu ni lini?" "Dada, ile shule ya mapadre ada imepanda, lakini mwaka jana wametoa divisheni wani tupu, nikope?" Maswali ni mengi, ila yote yanazunguka palepale: matokeo, nidhamu, ada. Lile lililopaswa kutangulia naulizwa mara chache mno: shule hiyo ipo kwa ajili ya nini?

Leo tuliongee hilo. Nitaanza na ninyi wazazi, nitakuja kwako mwanafunzi mwenye fomu ya kujiunga mkononi, na walimu nao nina neno lao. Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezane njiani. Shule ya Kikatoliki imewekwa ili mtoto amjue Mungu, ajitambue kuwa ana thamani mbele za Mungu huyo, kisha akili aliyojaliwa aitumie kuwafaa wenzake. Kufaulu mtihani ni sehemu ya kazi hiyo, tena sehemu ya lazima. Lakini mzazi anayelipia mtihani peke yake amechukua kipande akaliacha zima.

Shule hizi zilianza na watoto wasio na mtu

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakafungua misheni Bagamoyo, mji ambao misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa ikiishia kabla ya kuvuka bahari. Miongoni mwa wanafunzi wao wa kwanza walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani. Hawakuwa na baba wa kuwalipia ada wala shangazi wa kuwaletea sabuni siku ya kutembelewa. Walifundishwa kusali, kusoma, kulima na kazi za ufundi.

Hapo ndipo pa kutazama, mdogo wangu. Mtoto aliyekuwa anauzwa kama mzigo aliketi darasani akaambiwa kwamba ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwamba Kristo alikufa kwa ajili yake pia. Hilo ndilo somo la kwanza la shule ya Kikatoliki katika bara letu la Tanganyika, na mengine yote yamejengwa juu yake. Shule ikilisahau, hata ikiongoza mkoa mzima, imeuza shamba ikabaki na jembe.

Wabenediktini nao walipofika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 walikuja na desturi yao ya tangu karne ya 6, sala na kazi. Kwao mkono unaoshika Misale asubuhi ndio unaoshika randa ya seremala mchana, na Mungu anatukuzwa kwa yote mawili. Ndiyo maana hadi leo kwenye orodha ya vifaa vya kidato cha kwanza utakuta Biblia na rozari zimeandikwa pamoja na jembe, ndoo na fagio la chelewa. Wapo wazazi wanaonung'unika: "Nimelipa mamilioni halafu mwanangu akalime?" Ndiyo, akalime. Akadeki bweni, akaoshe sufuria. Mtoto ambaye hajawahi kusafisha choo kinachotumiwa na wengine atakuja kuwa bosi wa namna gani?

Tusisahau pia kwamba hizi shule zilishatutoka mikononi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilizitwaa shule nyingi za misheni kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, ili watoto wote wasome bila kuulizwa dini zao. Chuo cha Mtakatifu Fransisko pale Pugu kikawa shule ya serikali. Marian College ya Morogoro ikawa Kilakala. Aliyeiongoza serikali hiyo alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye aliwahi kufundisha St. Mary's Tabora na baadaye hapohapo Pugu, hadi mwaka 1955 alipoacha kazi ili akitumikie chama cha TANU. Kanisa lilibaki na seminari zake, na miaka ilivyokwenda likajenga shule nyingine mpya, hizi mnazozigombea leo.

Naikumbusha historia hii kwa sababu moja. Majengo yalipoondoka, Kanisa lililazimika kuona wazi kwamba malezi ya imani hayakai kwenye matofali. Yanakaa kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa katekista na kwenye jumuiya. Mwenye kulijua hili hatababaishwa na geti kubwa na basi la njano.

Kanisa lenyewe linasemaje

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Tamko juu ya Malezi ya Kikristo. Ni andiko fupi, unalimaliza jioni moja. Nakuomba mzazi ulisome, au uombe lisomwe kwenye jumuiya yenu ndogo ndogo kabla ya msimu wa fomu. Nikudokezee mambo manne yaliyomo.

La kwanza, mlezi wa kwanza na mkuu wa mtoto ni mzazi. Mtaguso unasema kazi hiyo ni nzito kiasi kwamba mzazi akiiacha, ni shida kupata cha kuziba pengo lake. Sista atakusaidia, padre atakusaidia, matroni atakusaidia. Lakini hakuna hata mmoja wao anayeweza kuwa mama yake.

La pili, kinachoifanya shule iitwe ya Kikatoliki ni hewa ya mahali pale, yaani jumuiya yenye roho ya Injili, roho ya uhuru na upendo. Mtoto akiishi humo anakua kama mtu na anakua kama mbatizwa, kwa pamoja. Msalaba ukutani ni mzuri, nami naupenda, lakini ikiwa chini ya msalaba huo watoto wanatukanwa na kuitwa mbumbumbu, ukuta unasema lake na midomo inasema lake.

La tatu, masomo yote yaangaziwe na imani. Hapa watu wengi hukosea wakadhani maana yake ni kusali kabla ya kipindi cha hesabu. Hesabu ya Kikatoliki haipo; mbili na mbili ni nne kwa kila mtu. Ila mtoto wako atakapofika kidato cha nne atasoma urithi kwenye baiolojia, na atakutana na Gregor Mendel na njegere zake. Mwalimu anaweza kumpitia Mendel kama jina la kukariri kwa ajili ya NECTA. Anaweza pia kuwaambia watoto kwamba huyu alikuwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino na padre, aliyezipanda njegere zile katika bustani ya monasteri yake kule Brno, akazihesabu kwa uvumilivu wa miaka, akachapisha alichokiona mwaka 1866, na dunia haikumjali mpaka alipokwisha kufa. Mtoto akilisikia hilo anaelewa kwamba kuchunguza uumbaji wa Mungu kwa uaminifu ni njia mojawapo ya kumheshimu Mungu. Hatamwogopa Mungu kwa sababu ya sayansi, wala sayansi kwa sababu ya Mungu.

La nne, na hili naomba wakuu wa shule walisikie, Tamko linataka shule hizi ziwajali hasa maskini wa mali, watoto waliokosa msaada na upendo wa familia, na wale wasio na imani yetu. Nitalirudia hapo mbele kwa sababu ndilo linalouma.

Na kabla mtu hajaniambia kwamba nadharau masomo, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 806, inawataka wasimamizi wahakikishe kiwango cha masomo hakipungui kile cha shule nyingine za eneo hilo. Kwa hiyo mwalimu asiyeandaa somo hawezi kujificha nyuma ya rozari. Uvivu ni uvivu, hata ukivaa kanzu.

Kengele zile zina kazi gani

Sasa nikwambie wewe mdogo wangu unayekwenda bweni kwa mara ya kwanza. Utaona kama siku nzima ni kengele. Usizichukie kabla hujajua zinakuita wapi.

Sala ya Malaika wa Bwana inasaliwa saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Saa sita ndipo utaielewa vizuri, maana njaa inauma, jua ni kali, na hesabu ya mwisho imekushinda. Katikati ya hayo unasimama dakika chache kukumbuka kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, ndani ya siku kama hii yako, yenye jua na njaa. Huombwi kutoroka darasani kwenda kwa Mungu. Unakumbushwa kwamba yumo.

Usiku kuna kutafiti dhamiri. Wajesuiti, wale wa shule ya Loyola pale Dar es Salaam, wamelirithi zoezi hili kwa mwanzilishi wao, Mtakatifu Ignasi, na wanalithamini sana. Linafanyika hivi: unashukuru kwa mema ya siku, unaipitia siku yako tangu ulipoamka, unaomba msamaha palipoharibika, unaomba neema ya kesho. Basi. Ukilizoea ukiwa na miaka kumi na minne, ukifika thelathini utakuwa na kitu ambacho watu wazima wengi wanakitafuta kwa gharama: uwezo wa kujitazama bila kujidanganya na bila kujichukia. Mengi ya madhara ya ofisini na ya kwenye ndoa hufanywa na watu ambao hawajawahi kuipitia siku yao jioni wakasema, "Hapa nilikosea."

Halafu kuna Misa. Nitakwambia ukweli, zipo asubuhi utakwenda huku unasinzia. Nenda hivyohivyo. Hatuendi Misani kwa sababu tunajisikia. Tunakwenda kwa sababu Yesu anajitoa pale kila siku, awe mtu anajisikia au hajisikii. Mtoto aliyeshikamana na Misa katika siku za usingizi ndiye atakayeikumbuka siku ya msiba.

Na ukiona moyo wako hauelewi unachosali, mtafute padre mlezi au sista ukamwambie hivyo. Swali la imani siyo utovu wa nidhamu. Shule inayowaadhibu wanaouliza inatoa vijana wanaoimba vizuri kwaya na kuacha Kanisa mara wafikapo chuo kikuu.

Mnayoniuliza zaidi

*"Dada, mwanangu amekuwa mkaidi. Nataka nimpeleke kwa masista wamnyooshe."*

Mama, nakuelewa, umechoka. Lakini masista hawana karakana ya kunyoosha watoto. Ukimpeleka kwa maneno hayo, mtoto atalisikia neno "sista" kama anavyosikia neno "mahabusu", na kila sala ataihesabu kuwa ni sehemu ya kifungo.

Yohane Bosko, aliyezaliwa Italia mwaka 1815, aliishi na vijana wa mitaani mjini Turin, baadhi yao wametoka jela, wakaidi kuliko huyo wako. Malezi yake aliyasimamisha juu ya vitu vitatu: akili, dini na upendo. Akili, yaani mweleze kijana sababu ya sheria. Dini, yaani mpe Mungu wa kumkimbilia. Upendo, yaani akuone uko naye uwanjani na si ofisini tu. Aliwataka walezi wake wasiwapige watoto. Mwaka 1884 aliwaandikia kutoka Roma akiwasisitiza kwamba haitoshi kijana kupendwa, ni lazima ajue kwamba anapendwa. Sikukuu yake ni tarehe 31 Januari, wiki zilezile watoto wetu wanapohangaika na bweni jipya.

Kwa hiyo kabla hujampeleka, kaeni naye. Mwambie kwa nini umeichagua shule hiyo. Na ukimfikisha getini, mkumbatie mbele ya watu.

*"Dada, sina uwezo wa hiyo ada. Je, mwanangu atakosa malezi ya Kikatoliki?"*

Hapana, mdogo wangu, na futa machozi. Kanuni ya 798 inawataka wazazi wawapeleke watoto kwenye shule za malezi ya Kikatoliki, kisha inaongeza kwamba wasioweza wahakikishe malezi hayo yanapatikana nje ya shule. Kanisa lilikuona tangu mwanzo.

Shule ya kata ina kipindi cha dini. Hakikisha mwanao anahudhuria, na uliza parokiani ni nani anayefundisha. Kama hakuna, wanajumuiya mkamwombe paroko, msikae kimya. Utoto Mtakatifu upo kwa ajili ya wadogo. Sekondari kuna TYCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki, na una matawi hata katika shule za serikali. Nyumbani nako, sala ya jioni ya dakika kumi, Injili ikasomwa na mtoto mwenyewe, na mkaulizana siku imekwendaje, imewalea watakatifu wengi kuliko mabweni. Tena Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, wengi wao vijana, hawakusoma shule yenye jengo. Walifundishana imani ndani ya jumba la Kabaka Mwanga, wakubwa wakiwafundisha wadogo, kwa siri na kwa hatari. Kizito, mdogo kuliko wote, alibatizwa na Lwanga siku chache tu kabla ya kuuawa. Elimu yao ya dini ilitosha.

*"Dada, mwanangu amechujwa kwa sababu wastani wake haukufika. Nimeumia."*

Nami naumia pamoja nawe, na hapa sitazunguka. Shule ina haki ya kudai bidii, na mtoto asiyetaka kusoma apewe onyo na wazazi waitwe. Lakini shule inayomtoa mtoto anayejitahidi, kwa hofu ya kuharibu matokeo ya shule, imemwondoa yule hasa ambaye Mtaguso umesema ajaliwe kwanza. Mchungaji wa Injili aliwaacha tisini na tisa akamfuata mmoja. Sisi tunamwacha mmoja ili tisini na tisa waonekane vizuri gazetini? Wakuu wa shule, wenye mashirika, baba maaskofu wetu, nawaomba kwa heshima zote, litazameni hili.

Na wewe mama, usimrudi mtoto kwa matusi. Amefukuzwa shule, asifukuzwe nyumbani. Mtafutieni nafasi nyingine, na mwambieni kila siku kwamba wastani wake haujawahi kuwa thamani yake.

*"Dada, mimi ni Mwislamu. Jirani yangu anasema shule ya masista ni nzuri. Watambadilisha mwanangu dini?"*

Asante kwa kuniamini, dada yangu. Watoto Waislamu wamesoma katika shule hizi kwa miaka mingi, na wengi wamebaki Waislamu wazuri. Mtaguso uleule, tarehe 7 Desemba 1965, ulitangaza kwamba hakuna ruhusa ya kumlazimisha mtu katika mambo ya imani. Kwa hiyo nenda umwone mkuu wa shule, umuulize waziwazi: mwanangu ataswali wapi, mwezi wa Ramadhani atakula saa ngapi daku, na wakati wa Misa atakuwa wapi? Shule inayojiamini itakujibu bila kigugumizi. Ila nawe ujue unakompeleka: atawasikia wenzake wakisali, atajifunza kuheshimu. Si hasara.

Kilichonifurahisha chini ya mwembe

Niwasimulie kitu kimoja nilichokiona kwenye shule ya wasichana, siku ya wazazi kutembelea. Mnajua siku hiyo ilivyo. Kanga zimetandikwa chini ya miembe, kila familia na hotpoti lake, chipsi kuku, pilau, maandazi kwenye ndoo, mabinti wanakula huku wanasimulia na midomo imejaa. Na wapo wale ambao hawana mgeni. Nyumbani ni mbali, au nauli haikupatikana, au nyumbani hakuna mtu.

Sista mmoja alikuwa anatembea taratibu kati ya kanga zile, hana kipaza sauti, hana daftari. Anasalimia familia, anainama, anamnong'oneza mama jambo, anaondoka. Baada ya muda kidogo unamwona binti wa familia ile anainuka, anakwenda mpaka kwenye ngazi za bweni, anarudi amemshika mkono mwenzake. "Mama, huyu rafiki yangu, tunakaa kitanda kimoja juu na chini." Mama anasogea, sahani inaongezwa, mazungumzo yanaendelea. Hakuna aliyetangazwa kuwa amesaidiwa. Mpaka mchana ule unakwisha, ngazi za bweni zilikuwa tupu.

Wadogo zangu, yule sista alifundisha somo la dini ambalo halimo kwenye silabasi. Aliyekaribisha alijifunza kuona. Aliyekaribishwa alijifunza kwamba yumo. Ukinitaka nikuoneshe lengo la kiroho la shule ya Kikatoliki, nitakuonesha hilo.

Matunda yake huchelewa na huota mbali. Wangari Maathai alisomeshwa na watawa tangu bweni la St. Cecilia kule Mathari, akamaliza Loreto Limuru mwaka 1959, kisha akaenda Marekani kusoma kwa Masista Wabenediktini huko Kansas. Mwaka 1977 alianzisha harakati za kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini Kenya, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Siwapi masista sifa ya kila alichokifanya. Mama yule alikuwa na moyo wake na akili zake. Lakini alikuwa mmoja wa wasomi ambao elimu haikuwatenga na wanawake wenye majembe, na hilo ndilo tunalopaswa kuwatakia watoto wetu.

Maswali ya kwenda nayo shuleni

Ukienda kuchukua fomu, usiishie kwa mhasibu. Omba dakika chache na mkuu wa shule umuulize haya:

Padre mlezi anafika mara ngapi, na watoto wanapata nafasi ya kitubio lini?

Mtoto akifeli mnafanya nini naye kabla hamjafikia kumtoa?

Mnaadhibu vipi? Nani ana ruhusa ya kuadhibu? Mtoto akitendewa vibaya na mtu mzima, amwambie nani, nami mtanijulisha lini? Hili la mwisho usiliogope hata kama aliye mbele yako amevaa shela au kanzu. Anayewapenda watoto atafurahi umeuliza.

Je, kuna watoto mnaowasomesha bure au kwa nusu ada? Huulizi majina, unauliza kama wapo.

Watoto wanafanya huduma gani nje ya geti, kwa wagonjwa, wazee au majirani wa shule?

Kisha tembea. Tazama walimu wanavyosalimiana na wapishi. Tazama kama watoto wanamkimbia mwalimu mkuu au wanamkimbilia. Majibu ya ofisini yanaweza kuandaliwa, hayo hayaandaliki.

Kwako mwalimu

Mtaguso ulisema kwamba kufikiwa kwa malengo ya shule ya Kikatoliki kunategemea hasa walimu. Ni mzigo, najua, na mara nyingi mshahara haulingani nao. Kwa hiyo nianze na waajiri: mlipeni mwalimu kwa haki na kwa wakati. Huwezi kufundisha fadhila ya haki kwa mdomo wa mtu unayemdhulumu.

Nawe mwalimu, msimamizi wako mbinguni ni Yohane Mbatizaji de La Salle, aliyetangazwa na Papa Pio XII mwaka 1950 kuwa msimamizi wa walimu. Alizaliwa katika familia yenye nafasi kule Reims, Ufaransa, mwaka 1651. Aliwachukua walimu maskini akakaa nao nyumba moja, mali yake akawagawia wenye njaa, na watoto wa maskini akawafundisha kusoma kwa Kifaransa walichokijua badala ya kuwaanzishia Kilatini. Alianza pale mtoto alipo. Fanya hivyo. Watoto wanasahau mada uliyofundisha Jumanne, hawasahau ulimwita nani yule aliyekuja na viatu vilivyotoboka.

Neno langu la kumalizia

Mzazi, wiki hii kabla hujakwenda benki, kaa na mwanao umweleze unachomtakia. Mwambie: "Nataka ufaulu, na nitafurahi sana ukifaulu. Lakini nataka zaidi umjue Mungu, useme kweli, na umwone mwenzako aliyekosa." Useme kwa mdomo wako, asilisikie kwa sista tu. Halafu wewe mwenyewe Jumapili uende Misani, uende jumuiya, ukatubu. Tukiwapeleka watoto shule za masista huku sisi tumesusa parokia, tunawatuma wakatuwakilishe mbele ya Mungu, na hiyo si kazi ya mtoto.

Na wewe mdogo wangu unayefunga sanduku: soma kwa bidii, maana kuna mtu anajinyima ili usome. Sali hata usipojisikia. Shika jembe bila kuona haya. Siku ya kutembelewa, kabla hujafungua hotpoti, angalia ngazi za bweni kuna nani.

Niandikieni.

Dada yenu